Mungu Asiyekasirika Hamfai Aliyeonewa

Mahubiri ya Kikristo yamebadilika sana, na yamebadilika kimyakimya. Habari ya ghadhabu ya Mungu imetoweka kwenye mimbari nyingi. Wapo wahubiri, hasa wale ambao mafundisho yao husambaa kwa vipande vifupi vya video, waliojenga huduma nzima juu ya sentensi moja: Mungu hajakukasirikia. Papo hapo, kila panapotokea tetemeko, mafuriko au ugonjwa wa kuambukiza, huinuka sauti nyingine, kali, zikitangaza kwamba hiyo ndiyo hasira ya Mungu, na hata kuitaja dhambi iliyoiwasha. Msikilizaji anaona kambi mbili, moja ya upendo na nyingine ya hukumu, kisha anachagua kulingana na malezi yake au majeraha yake. Naona kambi hizo zina kosa moja. Zote zinadhani upendo na ghadhabu vinagombea nafasi ndani ya Mungu, kimoja kikijaa kingine kinapungua. Maandiko hayaujui mgawanyo huo. Ghadhabu ya Mungu ni upendo wake ule ule unapokutana na jambo linalowaangamiza anaowapenda. Ukiiondoa, hubaki na Mungu mwenye upendo zaidi. Unabaki na Mungu asiyejali.

Jaribio la kuvitenganisha ni la zamani. Marcion, tajiri mwenye meli kutoka Sinope katika pwani ya Bahari Nyeusi, alifundisha kule Roma kwamba muumba na hakimu wa Agano la Kale si yule Baba aliyefunuliwa na Yesu. Kanisa la Roma likamtenga mwaka 144. Kinachofaa kuangaliwa ni gharama aliyoilipa ili fundisho lake lisimame. Alilitupa Agano la Kale lote, akabaki na Injili moja, ya Luka, nayo ameikatakata, pamoja na nyaraka kumi za Paulo alizozipunguza pia. Hata Paulo, ambaye Marcion alimheshimu kuliko mitume wote, hakuweza kusomwa kama alivyoandika. Miongo kadhaa baadaye Tertullian, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, alimjibu kwa vitabu vitano, na hoja yake moja haijachakaa: Mungu anayekataza jambo lakini haguswi likitendwa, hakulikataza kweli. Mwanzoni mwa karne ya 4 Lactantius, mwandishi mwingine Mkristo, naye aliwajibu wanafalsafa walioona kuwa hasira haimstahili Mungu. Alisema anayependa wema hawezi kukosa kuuchukia ubaya, kwa sababu chuki hiyo inatoka kwenye mapenzi hayo hayo.

Wanaoiondoa ghadhabu leo hawafuti vitabu vya Biblia. Wanapunguza kinachoimbwa na kusaliwa. Liturujia ya Vipindi, yaani sala rasmi za kila siku za Kanisa Katoliki, iliyotoka mwaka 1971, iliacha nje Zaburi ya 58, ya 83 na ya 109 pamoja na mistari kadhaa ya zaburi nyingine, kwa maelezo kwamba laana zake zinaleta ugumu wa kisaikolojia kwa wanaosali. Mwaka 2013, kamati iliyoandaa kitabu kipya cha nyimbo cha Wapresbiteri wa Marekani iliacha wimbo mmoja maarufu kwa sababu ya mstari unaosema ghadhabu ya Mungu iliridhishwa msalabani. Waliomba watunzi wabadilishe mstari huo ili utaje upendo, watunzi wakakataa, na kura zikawa tisa kwa sita za kuuacha. Sidai kwamba waliofanya hivyo walikuwa na nia mbaya. Watu wengi wamelelewa katika hofu iliyotumika kama kamba ya kuwafungia. Wapo waliofundishwa kumwogopa Mungu kabla hawajafundishwa kumpenda, na mpaka wanazeeka hawajawahi kusali bila kutetemeka. Anayetaka kuwafungua watu hao anatenda jambo jema. Swali ni kama dawa aliyoichagua inatibu.

Hoja iliyo bora kuliko zote ya wanaoiondoa ghadhabu ni hii: Yohana anaandika kwamba Mungu ni upendo, na hakuna mwandishi yeyote wa Biblia aliyeandika kwamba Mungu ni ghadhabu. Hoja hiyo ni ya kweli, na wanaopenda kuhubiri hukumu wanapaswa kuitafakari kwa kicho. Kabla ya dunia kuwapo, Baba, Mwana na Roho walipendana, na hapakuwa na cha kukasirikia. Upendo ni wa milele. Ghadhabu ilianza na uovu na itakoma uovu utakapokoma. Mungu anapojitangaza mbele ya Musa katika Kutoka 34, anatanguliza huruma na fadhili, anasema si mwepesi wa hasira, na rehema yake inawafikia maelfu, huku kupatiliza uovu kukiishia kizazi cha tatu na cha nne. Hivyo viwili havikuwekwa kwenye mizani sawa. Maombolezo, kitabu kilichoandikwa juu ya majivu ya Yerusalemu na mtu aliyeamini kwamba Mungu ndiye aliyeuadhibu mji huo, kinasema katikati yake kwamba moyo wa Mungu haupendi kuwatesa wanadamu. Martin Luther, akitegemea Isaya 28:21, alifundisha kwamba kuhukumu ni kazi ngeni kwa Mungu, na kwamba kuokoa ndiyo kazi yake hasa. Nakubali haya yote. Lakini tazama yanathibitisha nini. Yanathibitisha kwamba ghadhabu si tabia ya pili iliyokaa kando ya upendo. Hayathibitishi kwamba haipo.

Ili kuona upendo usio na ghadhabu ya haki unafanya nini, soma 2 Samweli 13. Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Daudi, anamnajisi Tamari dada yake, kisha anamfukuza. Daudi anasikia, na maandiko yanasema alighadhabika sana. Halafu hakuna kitu. Hakuna hukumu, hakuna karipio, hakuna mtu anayetumwa kwa Tamari kumwambia kwamba mfalme ameona aliyotendwa. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inaongeza sababu: Daudi hakutaka kumhuzunisha Amnoni kwa kuwa alimpenda, maana alikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Sababu hiyo inastahili kusomwa taratibu. Baba alimpenda mwanawe, na upendo huo ukamwacha binti yake akikaa ukiwa katika nyumba ya nduguye. Miaka miwili baadaye Absalomu, ndiye huyo nduguye Tamari, akaitenda kwa upanga ile hukumu ambayo baba yake alikataa kuitamka, akamwua Amnoni, na chuki iliyozaliwa hapo ikaja kuwa vita iliyomgharimu Daudi mwana mwingine, Absalomu mwenyewe. Daudi hakukosa hisia. Alikosa kuziweka hisia zake upande wa aliyeumizwa. Tunaposema tunataka Mungu anayependa tu, asiyehukumu, ni lazima tujiulize kama tuko tayari kumweleza Tamari kwamba Mungu wake anafanana na Daudi siku ile.

Jambo hili husahaulika kwa sababu sisi tunaolijadili mara nyingi tunajifikiria kama wakosaji wanaohitaji huruma, na mara chache kama walioonewa wanaohitaji haki. Miroslav Volf, mwanateolojia Mkroatia, ameeleza kwamba zamani aliiona ghadhabu kuwa haimstahili Mungu, mpaka vita vya miaka ya 1990 katika iliyokuwa Yugoslavia vilipomlazimisha kufikiri upya. Aliona watu wake wakiuawa na kufukuzwa makwao, akatambua kwamba Mungu ambaye angetazama hayo bila kukasirika angekuwa Mungu wa kuasiwa. Hoja yake ya pili ndiyo nzito zaidi kwangu. Anayekataa kulipiza kisasi anawezaje kuendelea kukataa mwaka baada ya mwaka, kama haamini kwamba kuna hakimu? Paulo anaandika jambo hilo hilo katika Warumi 12: msijilipize kisasi, ipisheni ghadhabu ya Mungu. Amri ya kutolipa ovu kwa ovu imesimama juu ya ahadi kwamba Mungu mwenyewe atalishughulikia. Ukiivunja ahadi, umemwachia aliyeonewa mambo mawili tu, kumeza uchungu au kushika silaha, na historia inaonyesha wengi huchagua lipi wanapopata nafasi.

Ile hoja ya kwamba Mungu wa Agano la Kale ni mkali na wa Agano Jipya ni mpole haihitaji nafasi kubwa. Mtu aliyezungumza juu ya Gehena, yaani jehanamu, kuliko yeyote katika Agano Jipya ni Yesu. Yona, kinyume chake, anamnung'unikia Mungu wa Agano la Kale kwa sababu ni mwenye huruma mno na amewaachilia watu wa Ninawi. Andiko ninalolirudia zaidi ni Marko 3:5. Yesu yuko katika sinagogi, mbele yake mtu mwenye mkono uliopooza, na watu wanamvizia waone kama atamponya siku ya sabato. Marko anasema aliwatazama pande zote kwa hasira, akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Hasira na huzuni katika mtazamo mmoja, na kilichofuata ni mkono uliopona. Sijui mahali pengine ambapo hali ya moyo wa Mungu imeonyeshwa kwa uwazi hivyo, na haikuonyeshwa kwa fundisho. Ilionekana usoni.

Sasa niigeukie kambi ya pili, ambayo nadhani imefanya madhara makubwa zaidi. Wao wanaamini ghadhabu, lakini wameichukua kutoka mikononi mwa Mungu wakajifanya wasemaji wake. Nimewahi kuketi na mama aliyefiwa na mtoto, ambaye aliambiwa na watu wa kanisa lake, tena waliokuja kumfariji, achunguze maisha yake aone alimkosea Mungu wapi. Waliomwambia hivyo walidhani wanatetea utakatifu. Maandiko yana jina la watu kama hao: ni Elifazi, Bildadi na Sofari, marafiki wa Ayubu. Hao watatu walikuwa na theolojia safi, walimtetea Mungu kwa ufasaha, na kila walichosema juu ya dhambi na adhabu kingeweza kuungwa mkono na mistari ya Mithali. Na kitabu cha Ayubu kinapofika mwisho, Mungu anasema hasira yake imewaka. Imewaka juu yao. Hakumkasirikia Ayubu, aliyelalamika na kupiga kelele. Aliwakasirikia wale waliomweleza kwamba mateso yake ni hasira ya Mungu. Ombi la msamaha wao likawekwa katika kinywa cha Ayubu, awaombee.

Yesu alikata shauri hilo mara mbili. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Na alipoambiwa habari za Wagalilaya waliochinjwa na Pilato, yeye mwenyewe akaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akajibu la, kisha akawageuzia waulizaji wito wa kutubu. Hakuliruhusu janga la wengine liwe somo juu ya wengine. Atakayesema kwamba manabii walitafsiri majanga, amesema kweli. Amosi 4 inataja njaa, ukame, nzige, tauni na upanga, na mara tano Mungu anasema, lakini hamkunirudia mimi. Ila Amosi hakuyakisia hayo kutokana na habari za jana, alitumwa kuyasema. Aliyasema kwa watu wa agano la Mungu, si kwa mataifa ya mbali. Na dhambi aliyoitaja ilikuwa kuwauza maskini kwa bei ya jozi ya viatu na kupotosha hukumu langoni, yaani dhambi za wenye nguvu waliokuwa wakimsikiliza wakiwa wameshiba. Wafasiri wa majanga wa leo kwa kawaida huitaja dhambi ya mtu ambaye hayupo ukumbini. Paulo naye, anapoieleza ghadhabu katika Warumi 1, haelezi umeme wala mafuriko. Anarudia mara tatu kwamba Mungu aliwaacha wafuate walichokitaka. Hiyo ni ghadhabu ya kutisha kuliko tetemeko, kwa kuwa anayeipata anaweza asijue, na akaiita uhuru.

Pamoja na hilo, tumechanganya hukumu na kurudiwa, yaani kuadibishwa. Waebrania 12 ndiyo sura inayonukuliwa: Bwana humrudi ampendaye. Wanaoinukuu mara nyingi hawaulizi iliandikiwa nani. Iliandikiwa Wakristo walionyang'anywa mali na kudhihakiwa kwa ajili ya imani yao. Mateso waliyokuwa nayo hayakuwa malipo ya kosa fulani walilotenda. Barua hiyo hiyo inasema kwamba Mwana mwenyewe, asiye na dhambi, alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata. Kwa hiyo kurudiwa na Mungu ni malezi, yenye lengo la kutushirikisha utakatifu wake, na si lazima kuwepo na kosa la kulipia. Juu ya walio katika Kristo Yesu, Paulo anasema, hakuna hukumu ya adhabu. Mwamini anayeumwa, aliyefilisika au aliyefukuzwa kazi anaweza kuuliza, Bwana, unanifunza nini katika hili? Hana sababu ya kuuliza, Bwana, unanilipiza nini? Maswali hayo mawili yanampeleka mtu mahali tofauti kabisa.

Na mstari huo wa Waebrania umetumika vibaya nyumbani. Wapo waume waliompiga mke, na wazazi waliomwumiza mtoto, wakajitetea kwamba Mungu humpiga kila mwana amkubaliye. Sura yenyewe inawakatalia, kwa sababu inawatofautisha baba zetu wa kimwili, waliotuadhibu kama walivyoona wao, na Mungu anayefanya hivyo kwa faida yetu. Yakobo anaandika wazi kwamba hasira ya mwanadamu haitendi haki ya Mungu. Hosea anakwenda mbali zaidi: sababu ya Mungu kutoitimiza hasira yake kali juu ya Efraimu, yaani Israeli, ni kwamba yeye ni Mungu, wala si mwanadamu. Hapo uungu wake ndio unaoizuia hasira. Agostino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alifundisha kwamba ghadhabu ya Mungu si fadhaa inayomvuruga, bali ni hukumu anayoitoa juu ya dhambi. Waweza kusema Agostino alimpoza Mungu kupita kiasi, na mimi nadhani hivyo nikimsoma Hosea, lakini alichokilinda ni cha lazima. Mungu hapandwi na hasira. Anayejifananisha na Mungu akiwa amepandwa na hasira anatukana.

Yanabaki mambo mawili magumu. La kwanza ni msalaba. Wapo wanaosema fundisho la kwamba Yesu aliibeba ghadhabu linamgeuza Baba kuwa mkatili anayemwadhibu mwana asiye na kosa ili moyo wake utulie. Kama fundisho ndilo hilo, wana haki ya kulikataa, na lazima tukiri kwamba limehubiriwa hivyo mara nyingi. Lakini John Calvin mwenyewe, mwanamatengenezo wa karne ya 16, ambaye wengi humtaja kama baba wa theolojia kali, alimnukuu Agostino kusisitiza kwamba upendo wa Mungu kwetu haukuanza Kristo alipokufa. Kristo alikufa kwa sababu Mungu alikuwa ametupenda tangu mwanzo, hata tulipokuwa adui zake. Warumi 5:8 inasema hivyo hivyo. Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, wala hakusimama kando akimtazama mwingine akiumia. Anayehukumu na anayebeba hukumu ni Mungu yule yule, na hilo linaibadilisha hoja yote.

La pili ni jehanamu. Tarehe 14 Januari 2024, Papa Fransisko alisema kwenye televisheni ya Italia kwamba anapenda kuiwazia jehanamu kuwa tupu, akaeleza kwamba hayo ni mawazo yake binafsi wala si fundisho la imani. Wengi walilichukua kama tangazo kwamba hukumu imefutwa, wengine wakalilaani kwa sababu hiyo hiyo. Alichosema kilikuwa tumaini. Askofu Gregori wa Nyssa, katika karne ya 4, alitumaini urejesho wa wote. Agostino aliupinga vikali. Na Kanisa limeishi na mvutano huo tangu hapo. Tumaini la kwamba hata mbaya kabisa atageuka halipingani na ghadhabu, kwa sababu Mungu anasema kwa Ezekieli kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu. Kinachopingana nayo ni kudhani kwamba mtu huyo anaweza kuingia bila kugeuka, akaketi karibu na Tamari kana kwamba hakikutokea kitu.

Kama haya ni kweli, kuna mambo ya kubadilishwa kanisani. Zaburi zilizoachwa zirudishwe kwenye sala, kwa kuwa aliyebakwa au aliyeporwa ardhi anahitaji maneno ya kumpelekea Mungu hasira yake, na mahali salama pa kuiweka ni hapo. Msibani, anayeijua sababu ya kifo kuliko daktari anyamaze. Na nidhamu ya kanisa iangaliwe upya, maana imekuwa ikiwaangukia wanyonge: msichana aliyepata mimba anasimamishwa mbele ya watu wote, aliyempa mimba anaendelea kuimba kwaya, na mchungaji aliyemdhulumu muumini anahamishiwa usharika mwingine. Hiyo si nidhamu ya Mungu wa Amosi. Paulo alipowaandikia Wakorintho barua ya pili, alitaja mtu aliyeadhibiwa na kanisa, akasema adhabu aliyopewa imetosha. Akawaagiza wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi, na wamthibitishie upendo wao. Kila baraza la wazee linalomtenga mtu lingepaswa kuandika, katika kikao hicho hicho, ni nani atakayekuwa akimtembelea na ni lini litakaa tena kuzungumzia kumrudisha.